Chupa Zenye Alama ya Makaa

Miaka kumi na miwili nimewapokea wageni
mpakani Ruzizi ya Kwanza, kibao kifuani,
na mdomo wangu unaijua njia peke yake:
hapa peninsula tano, vidole vya mkono ziwani,
kule Kahuzi, gorila mwenye mgongo wa fedha,
pale nyumba za zamani zenye pembe za mviringo,
picha, picha, aksanti, bahasha, kwaheri.
Jioni nalala Ciriri,
mlima usiomo katika maelezo yangu.

Siku ile mvua ilikata barabara ya Kavumu.
Nilikuwa na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu wa Kisangani.
Akatazama matope, akatazama saa:
"Na wewe, ukiwa na kiu, unaendaga wapi?"
Sikuwa na jibu la kikazi.

Tukapanda ngazi za Nyamugo,
ngazi za magunia yaliyojazwa udongo,
viatu vyake vya ngozi vikiomba msamaha kila hatua,
tukawapita mafundi wa redio, watoto wa madumu ya njano,
mpaka penye harufu.
Ujuaye harufu hiyo huhitaji ramani:
moshi, ndizi iliyoiva mpaka kukata tamaa,
na mtama uliokaangwa ukaungua upande mmoja.

Ntakwinja hakuinuka. Mikono yake ilikuwa ndani ya hori
mpaka viwiko, ikikanda ndizi kwa nyasi kavu
kama mtu anayeosha nywele za mtoto mkaidi.
"Mvinyo," akasema mwalimu.
"Kasiksi. Mvinyo ni ya wenye vizibo."
Vizibo vyake ni magunzi ya mahindi.

Mimi nimekunywa kwake tangu ndevu ziote,
nikaviita vyote pombe, nikalipa, nikashuka.
Sikuwahi kuona alama za makaa shingoni mwa chupa.
Aliyeziona ni mgeni.
"Mstari mmoja, ndizi za Kabare. Miwili, Walungu.
Nukta ni Idjwi. Zinakuja kwa mtumbwi, zinachelewa,
njo maana zina uchungu wa kungoja.
Onja kwanza, njo useme."

Kabare: baridi ya alfajiri, jani la chai nyuma ya jino.
Walungu nzito, kama mjomba asiyejua kuaga.
Idjwi ilikuja polepole, tamu, kisha ikageuka
ikauma ulimi mahali nisipojua kuwa ninapo.
Miaka kumi na miwili nauza mandhari,
sikujua kwamba mlima humezwa.

"Na hii isiyo na alama?"

Akafuta mikono. Nje ya mlango bonde lilikuwa wazi,
jekundu, palipokuwa na nyumba saba
kabla ya usiku ule wa Aprili.
"Migomba mitatu ilibaki imesimama.
Sijui nani aliisahau. Hii siiuzi."
Akamimina: kidogo chini, kisha kwetu.

Nisiseme ilikuwa tamu. Nisiseme ilikuwa chungu.
Ilikuwa na moshi wa jiko la Mama Bisimwa,
aliyekuwa akinikopesha chumvi
na hakuwahi kuidai.
Mwalimu alivua kofia, akakaa nayo magotini.

Barabara ilifunguka Alhamisi.
Gorila alionekana, akatupa mgongo wake,
picha, picha.

Karatasi yangu ya wageni bado inasema peninsula tano.
Juzi nilishika kalamu nikaongeza: *Ciriri, kwa Ntakwinja*.
Nikakaa nikiyatazama maneno yale matatu,
nikaona viatu vingi ngazini, simu zikining'inia juu ya hori.
Nikayafuta.
Kisha nikachukua kipande cha makaa,
na pembeni, pale mgeni anapoweka kidole gumba,
nikachora kitu kidogo
ambacho si mstari wala nukta.

Atakayeuliza ni nini,
huyo nitapanda naye.